Biskuti, juisi, mafuta: mnatambuaje kilichotengenezwa Uganda na kilichotoka nje?

MamaWawili_Ntinda
Habari za jioni wandugu. Mwaka huu nataka pesa ya chakula cha nyumbani ibaki hapa nchini kadiri inavyowezekana. Jana nilisimama mbele ya rafu ya biskuti muda mrefu. Kumbe Britania, ambayo miaka yote nimeipita nikidhani ni ya Wazungu kwa sababu ya jina, kiwanda chake kiko hapahapa Ntinda, na mimi nakaa jirani! Jina basi halisaidii. Ninyi mnategemea nini: nambari za msimbopau, alama ya Q ya UNBS (shirika la viwango la Uganda), au anwani?

MuuzaJumla_Kikuubo
Msimbopau, mama. Tazama tarakimu tatu za mwanzo: 616 Kenya, 620 Tanzania, 622 Misri, 890 India. Wateja wangu wengi huangalia hizo tu kisha wanalipa.

Mwalimu_Busia
Mzee wangu, hapo unawapoteza watu. Tarakimu hizo zinaonyesha kampuni ilisajili nambari zake nchi gani, hazisemi kiwanda kiko wapi. Kampuni iliyojisajili Kenya inaweza kutengeneza bidhaa Kampala, na 616 ikabaki palepale.

Q nayo ina kazi nyingine. Inasema UNBS wameipima bidhaa na imefikia kiwango. Ni jambo kubwa, mimi simpi mtoto chakula cha pakiti bila alama ya ubora, lakini usiisome kama cheti cha kuzaliwa. Hapa mpakani bidhaa za Kenya zinapita na alama ya KEBS, shirika la viwango la kwao, na nchi za Afrika Mashariki zimekubaliana kutambua alama za wenzao. Ukiona KEBS peke yake, shuku kwamba imevuka, halafu soma anwani.

Katika anwani, tofautisha mtengenezaji, mfungashaji na msambazaji. Wengi wanaona "Kampala" wanatosheka, kumbe Kampala ni ofisi ya aliyeagiza.

Kijana_wa_Jinja
Naongeza mafuta ya kupikia, maana ndiyo yanayochanganya kuliko vyote. Bidco wanasafisha mafuta hapa Jinja. Michikichi ipo Kalangala, lakini mafuta ghafi ya mawese pia huingia nchini kutoka Malaysia na Indonesia. Lebo haikuambii chupa yako ilianzia shamba gani. Unga wa ngano ni vilevile: kinu kiko kwetu, ngano nyingi imekuja na meli hadi Mombasa.

Kanuni za lebo zinaruhusu. Chakula kikisindikwa katika nchi ya pili mpaka hali yake ikabadilika, nchi hiyo ya pili ndiyo inayoandikwa kuwa kilikotoka. Kwangu mimi bado ni cha nyumbani, kwa sababu majirani zangu wanalipwa mshahara hapo.

Binti_Teso
Kaka, hapo tunaachana. Mshahara wa kiwandani ni mzuri, lakini mimi nauliza mkulima yuko wapi. Baba yangu ana michungwa. Kabla ya kiwanda cha juisi cha Soroti, kwetu Teso, kufunguliwa mwaka 2019, msimu ukifika machungwa yalikuwa yanaoza chini ya miti na wachuuzi wanajipangia bei. Kwa hiyo kati ya juisi iliyokorogwa Kampala kwa rojo la kuagizwa na Teju ya Soroti, sihesabu hizo mbili kuwa sawa hata kama zote zimeandikwa Uganda. Soma orodha ya viambato: "ladha ya chungwa" haijatoka kwenye mti wa mtu yeyote.

Maziwa ndiyo rahisi. Ng'ombe wako Mbarara, kiwanda cha Lato kiko Mbarara, tena tunauza mpaka nje.

MamaWawili_Ntinda
Asante dada, hilo la viambato sikuwa nimelifikiria kabisa. Basi maziwa, sukari ya Kakira na juisi ya Teso naviweka upande wa mkulima. Mafuta na unga nitafuata hesabu ya Kijana wa Jinja. Sosi ya nyanya je? Watoto wangu hawali chipsi bila hiyo.

MuuzaJumla_Kikuubo
Mwalimu, nimekubali. Nina katoni za sosi za aina nne stoo, na sijawahi kusoma zaidi ya bei na tarehe ya kuisha. Kesho nikifungua nitazigeuza moja moja, niangalie nani ametengeneza na nani amefungasha tu. Mama, nitakuandikia hapahapa kabla ya saa sita.