Naombeni msaada: kadi mpya ya netiweki kwenye FreeBSD inapata IP tofauti

Wakuu habari, kuna seva ya FreeBSD (mfumo endeshi wa jamii ya Unix) hapa ofisini kadi yake ya Realtek iliungua na radi tukaweka ya Intel, ya zamani jina lake kwenye mfumo lilikuwa re0 hii inasoma em0, nikabadilisha kwenye /etc/rc.conf ikawa ifconfig_em0="DHCP" (yaani ipewe IP na ruta) nikarestati netif, taa inawaka na ifconfig inaonyesha active, ila IP siyo ile 192.168.1.10 ambayo kompyuta zote zinaitafuta. Nahisi ruta ilifungia hiyo IP kwenye MAC (namba ya utambulisho) ya kadi iliyokufa, na paswedi anayo fundi aliyehama (ndo shida ya kumtegemea mtu mmoja).

Sasa niiwekee em0 MAC ya zamani au niweke IP ya kudumu na defaultrouter (anwani ya ruta) niachane na DHCP? Halafu pf.conf (faili la sheria za firewall) imejaa re0, nikiipa kadi jina la re0 kwa ifconfig_em0_name itakuja kusumbua mbele?