Naombeni ushauri: dhahabu ya Mehnert ya 1904 niwaelezeje vijana?

Wakuu, habari zenu. Nafundisha vijana mieleka, na Jumamosi nataka kuwasimulia habari za George Mehnert wa Newark, Marekani. Nampenda sana mtu huyu. Alikuwa na mwili mdogo, lakini alitwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1904 kule St. Louis, akarudia 1908 London, ambako kwenye fainali alimshinda Mwingereza William Press. Hakuna Mmarekani mwingine aliyefikisha dhahabu mbili za mieleka hadi 1992!

Kinachonikwamisha ni ile ya 1904. Washindani wote wa mieleka walitoka vilabu vya Marekani. Kijana wangu mmoja, mbishi lakini ana akili, ameshaniuliza kama hiyo ilikuwa Olimpiki kweli au mashindano ya taifa tu. Nilikosa jibu. Binafsi naona London inamthibitisha, maana pale Waingereza walikuwa kwao na walijaa ulingoni.

Sasa nianze na London kisha nirudi nyuma, au nifuate miaka na kuwaeleza wazi yaliyokuwa St. Louis? Wenye uzoefu wa kufundisha vijana, nisaidieni kabla ya Jumamosi.