Kompyuta chakavu za ofisi ya serikali: nizipokee au niache?

Mwl_Chanika
Habarini wakuu. Nafundisha kompyuta sekondari ya kata huku Chanika. Kuna ofisi ya serikali inabadilisha vifaa, imetuahidi desktopu 15. Nimeenda kuziona stoo: diski zote zimeng'olewa. Mkuu wa shule anasema cha bure hakikaguliwi. Ushauri?

Fundi_Msimbazi
Mwalimu pokea, ila usitangulize Kirikuu, tanguliza karatasi. Hata ikichakaa bado ni mali ya serikali. Isipofutwa kwenye leja yao ikaingia kwenye yenu, mkaguzi akija wa kujibu ni wewe. Omba barua ya kibali na orodha yenye namba ya kila mashine.

Diski usiwalaumu, mle mna mafaili ya watu. Utanunua SSD, diski za kisasa zisizozunguka; ya GB 240 inatosha kabisa. Ila kabla hujanunua hata moja, nenda na flashi yenye Linux (mfumo wa bure unaowasha kompyuta badala ya Windows, hata bila diski), washa mashine zote hapohapo stoo. Fungua na kava, angalia kapasita, vile vikopo vidogo kwenye mazabodi (bodi kuu ya ndani): zilizovimba kichwa ni ugonjwa. Isiyowaka iache, usiwasaidie kutupa taka.

Saa ikirudi nyuma kila ukiwasha, badilisha kibetri cha CR2032. Usikidharau! Tarehe ikiwa mbovu tovuti nyingi zinagoma kufunguka, mtaishia kugombana na mtu wa intaneti bure.

Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025, na 11 inazikataa mashine nyingi za umri huo. Weka Xubuntu, Linux nyepesi, na LibreOffice ya kuandikia na kupigia mahesabu. Ongeza Kiwix, programu ya kusomea tovuti zilizopakuliwa, yenye Wikipedia ya Kiswahili, watoto wasome bila bando.

MamaWatatu_Temeke
Na LUKU nani ananunua? Shule ya mwanangu walipewa, zikafunikwa vitambaa. Kamaliza fomu foo hajagusa hata kitufe.

Niko_Maryland
Huku Marekani Clinton alisaini amri namba 12999 mwaka 1996, kompyuta za ziada za serikali kuu ziende shuleni. Lakini usafiri na matengenezo mara nyingi shule inajibeba yenyewe. Kwa hiyo piga hesabu mapema.

Mwl_Chanika
Asanteni. Mama, la LUKU nalipeleka kwenye bodi ya shule kabla hatujasaini chochote. Fundi, mazabodi yenye kapasita zilizovimba inatengenezeka?

Fundi_Msimbazi
Inatengenezeka, ila kwa mashine ya umri huo hailipi. Hiyo waombe ramu (RAM, kumbukumbu ya kompyuta) tu, uongezee kwenye nzima. Na iandikwe kwenye barua.