Mjadala: Je, miti ya Shinyanga ilimalizwa na ujinga wa wananchi?

Mtoa mada:
Ndugu wanajamvi, naomba tuijadili kwa utulivu kauli inayosikika kila habari za mkaa na ukataji miti zinapotajwa: kwamba watu wa vijijini huharibu mazingira kwa kukosa elimu, na kwamba dawa yao ni semina, faini na jela. Mimi naipinga, na ushahidi wangu ni Shinyanga.

Wasukuma wana kitu kinachoitwa ngitili. Ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza ili majani yakue na miti ichipue, kisha hufunguliwa kiangazi kinapokolea, kwa ajili ya ndama wasioweza kulifuata kundi mbali, maksai wa kulimia, na ng'ombe wazee au wagonjwa. Ngitili ya asili haikuwa na uzio. Mpaka wake ulijulikana hata na mtoto anayechunga, na aliyeuvuka aliitwa mbele ya dagashida, yaani baraza la wanakijiji, akajieleza.

Watu waliojiwekea utaratibu wa namna hiyo hawakuwa wakisubiri semina. Basi ni nini kilichoifanya Shinyanga kuwa uwanda wa vumbi na makorongo? Wakati wa ukoloni vichaka vilifyekwa kwa maeneo makubwa ili kuwaangamiza mbung'o. Mashamba ya pamba yakapanuka. Na katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 kaya zikahamishiwa vijiji vipya, zikaziacha nyuma nyumba zao pamoja na ngitili zao. Ardhi iliyokuwa na wenyewe ikawa ya wote, na kwa hiyo ikakosa mwenyewe. Mwaka 1986, Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu.

Hapa ndipo sosholojia ya mazingira inapotusaidia. Mwaka 1978 William Catton na Riley Dunlap wa Marekani waliwakosoa wanasosholojia wenzao kwa kuichunguza jamii kana kwamba haihitaji udongo wala maji. Miaka kumi kabla yao, mwanabiolojia Garrett Hardin alikuwa amedai kwamba malisho ya pamoja hayana budi kuharibika, kwa kuwa kila mfugaji anayeongeza ng'ombe hupata faida peke yake huku hasara ikiwaangukia wote. Elinor Ostrom, mwanasayansi wa siasa wa Marekani, alimjibu kwa mifano mingi katika kazi yake ya mwaka 1990: malisho ya pamoja yenye mipaka, walinzi, na adhabu ambazo watumiaji wenyewe wamezikubali huweza kudumu vizazi kwa vizazi. Kwa maoni yangu, angeielezea ngitili bila kuongeza neno.

HASHI wenyewe walilijua hilo baada ya kuanza kwingine. Mwanzoni nguvu zilielekezwa kwenye vitalu vya miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni, na wananchi hawakuvutiwa nayo. Ngitili zilipofufuliwa, na ulinzi wake ukarudi kwa dagashida na sungusungu, miti ya asili ilichipua kutoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa bado hai ardhini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimezidi hekta 300,000, na wananchi walikuwa walewale.

Mchangiaji:
Mtoa mada, nakuheshimu, lakini ngitili umeipamba mno. Mimi ni mfugaji wa huku. Ngitili nyingi siku hizi ni za kaya, na mwenye ng'ombe wengi ndiye mwenye ngitili kubwa. Kiangazi sisi wengine tunakodi majani kwake. Asiye na eneo akatafute kuni wapi? Huvizia usiku, na ndiye anayekamatwa. Tena dagashida haina ubavu wa kulizuia lori la mkaa. Bila mkono wa Serikali miti itakwisha.

Mtoa mada:
Ndugu yangu, kuhusu ngitili za kaya umesema kweli, na nilipaswa kulitaja tangu mwanzo. Kujua kwamba miti imerudi hakutoshi. Yatupasa kuuliza imerudi mikononi mwa nani. Hata hivyo, huyo anayevizia kuni usiku hakukosa elimu. Amekosa mahali pa kukata kwa halali.

Na lori ulilolitaja linaelekea mjini. Kule Dar es Salaam mpangaji wa chumba kimoja hununua mkaa wa kopo, wa kupikia siku hiyo tu, kwa sababu fedha yake huingia kwa siku, ilhali mtungi wa gesi ukiisha hudai fedha nyingi kwa mkupuo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Naliunga mkono lengo hilo kwa moyo wote, lakini gesi isipouzwa kwa kipimo kinacholingana na kopo, mpangaji yule atarudi kwenye mkaa.

Mkono wa Serikali nautaka kama wewe unavyoutaka: ulizuie lori, na uilinde kisheria ngitili ya kijiji isimezwe na wachache. Ninachokataa ni mkono huo kuanza na mama mwenye mzigo wa kuni kichwani. Ninyi mlioko Kahama, Maswa na Meatu, tuelezeni: katika ngitili za kijiji zilizobaki kwenu, ni nani anayepanga siku ya kuzifungua?