Tupeane uzoefu: mikataba ya amani na makabila ya pembezoni huvunjikia wapi?

Wakuu, wanaoijua mikataba hii washuke na vipengele. Hotuba za umoja tumeshazisikia. Kipi kilishika, kipi kiliachia?

Nahodha77: Someni Aceh, Indonesia. Serikali na GAM, waasi waliopigania uhuru wa Aceh, walitia saini mkataba wa amani jijini Helsinki, Finland, tarehe 15 Agosti 2005. Kilichoubeba mkataba ule ni ratiba. GAM walisalimisha silaha 840 kwa awamu nne kati ya Septemba na Desemba, na kila awamu iliendana na kuondoka kwa askari na polisi walioletwa kutoka nje ya mkoa. Hakuna upande uliolazimika kutangulia kubaki mikono mitupu. Waangalizi wa Ulaya na nchi tano za ASEAN (jumuiya ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia) walikagua bunduki moja moja. Mbovu ya kienyeji haikuhesabiwa, iliyokubaliwa ikakatwa vipande hadharani. Hata waliobaki waliandikiwa kikomo: wanajeshi 14,700, polisi 9,100. Ukiandika "watapunguzwa" tu, umenunua ugomvi.

Palipovuja ni kwenye fedha. Hati ilitaja wapiganaji 3,000, waliokuwepo walikuwa wengi zaidi, na GAM hawakutaka kukabidhi majina. Posho ikapitia kwa makamanda, wa chini akaambulia kiduchu.

Bi Mkasi: Usisahau 70% ya mapato ya mafuta na gesi kubaki Aceh, pamoja na ruhusa ya vyama vya siasa vya mkoa. Bila hivyo viwili, bunduki zisingetoka.

Kinyume chake ni Wakachin wa Myanmar. KIO, chama chao chenye jeshi la waasi, walisitisha mapigano na serikali mwaka 1994, silaha wakabaki nazo, mazungumzo ya kisiasa yakasogezwa mbele. Ikaja katiba ya 2008: robo ya viti vya bunge ni vya jeshi, na kubadili vifungu vikuu kunataka kura zaidi ya 75%. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la nne anaiweza. Mwaka 2009 wakatakiwa wawe walinzi wa mpaka chini ya jeshi, wakagoma. Juni 2011 vita vikarudi.

Mwanzisha mada: Na damu ikimwagika mkataba ukiwa tayari umesainiwa?

Nahodha77: Mamasapano, kisiwani Mindanao, Ufilipino, Januari 2015. Polisi maalumu waliingia kumsaka mtuhumiwa wa ugaidi bila kuwataarifu MILF, waasi wa Kiislamu waliokuwa wamesaini amani na serikali, wakauawa polisi 44. Utaratibu wa kutaarifiana ulikuwepo, ulirukwa kwa hofu ya siri kuvuja. Muswada wa Bangsamoro, wa kuwapa Waislamu wa huko eneo la kujitawala, ukakwama, sheria ikapita 2018. Kwa hiyo kifungu cha kutaarifiana kitaje nani anampigia nani, saa ngapi kabla, na anayevujisha siri anawajibishwaje.