MJADALA: Nyegezi, kibamia, chura... neno ndo lina kosa au masikio yetu?

Wakuu salama? Leo nataka tubishane kidogo ila kwa adabu, wale wa matusi mpite kushoto mapema.

Juzi nimepanda haisi ya Buhongwa pale mjini Mwanza, konda kaning'inia mlangoni anaita Mkuyuni Butimba Nyegeziii, Nyegezi wawili wa mwisho, nyuma yangu kuna vijana wawili, kwa lafudhi tu unajua hawa wameshuka na basi la Dar, kila konda akitaja Nyegezi wanagongana mabega wanacheka. Jirani yangu bibi mmoja kajifunga kitenge kapakata dumu la mafuta ya kula, akageuka akawauliza, "Mnachekea nini wajukuu zangu, na mie nicheke?" Haisi nzima kimyaaa. Konda ndo akaokoa jahazi, "Bibi, wanachekea nauli."

Kwa msiojua, Nyegezi ni kata moja ya wilaya ya Nyamagana, ina stendi ya mabasi, ina chuo cha uvuvi, watu wanazaliwa huko na kuzikwa huko. Novemba 2018 Rayvanny na Diamond wakatoa wimbo unaitwa Mwanza, humo ndani wakalichezea hilo jina mpaka likawa linasikika kama ile hali ya mwili ambayo kila mtu mzima anaijua. BASATA, yani baraza la sanaa la taifa, wakaufungia. Desemba jamaa wakaupiga jukwaani, tena palepale Mwanza, BASATA wakakasirika kweli wakawafungia shoo za ndani na nje ya nchi, wakaomba radhi hadharani, baadaye wakafunguliwa.

Sasa hoja yangu mi ni hii, na mnipige mawe taratibu. Fumbo la Kiswahili lina pazia. Anayejua anacheka, asiyejua anapita zake na usafi wake, mtoto anasikia jina la stendi. Ukisimama na barua yenye muhuri ukatangaza nchi nzima kwamba neno hili lina ashiki, wewe ndo umelifunua pazia. Shangazi yangu mlokole, hasikilizi bongofleva hata kwa bahati mbaya, alilijua la Nyegezi kwenye taarifa ya habari. Yani aliyemfundisha sio Rayvanny, ni waliomfungia.

Alafu si mara ya kwanza. Machi 2018 msanii Roma alifungiwa miezi sita kwa sababu ya wimbo wake Kibamia, aliambiwa arekebishe akakaidi, naibu waziri wakati huo Juliana Shonza. Kibamia si bamia ndogo jamani? Ndio ni bamia ndogo, na ndio kila mwanaume aliyesikia alijishtukia, vyote viwili kwa pamoja ndo utamu wa hili lugha letu. Hebu angalieni kitumbua. Mitaani kina maana yake ambayo sitaiandika hapa mama yangu anaweza kusoma, lakini mbunge akisimama akasema kitumbua chetu kimeingia mchanga hakuna anayeshtuka, magazeti yanaandika kichwa cha habari. Mzigo je? Wa bandarini ni mzigo, na dada akipita kijiweni ni mzigo. Asali ndo usiseme, wenzetu wa siasa wameshaichukua, ukiambiwa umelamba asali siku hizi maana yake umenunuliwa.

Na tusijifanye watakatifu hapa. Nendeni kitchen party yoyote, wale wale mashangazi wanaolalamika watoto wanaharibika wakishika maiki wanaanza mchi na kinu, muhogo na tango, bi harusi kainamisha kichwa ukumbi unapiga vigelegele mpaka paa linataka kung'oka. Bi Kidude alikuwa kungwi, unyago ule ule akaupeleka majukwaa ya Ulaya, 2005 WOMEX, wale wa maonyesho ya muziki wa dunia, wakampa tuzo, hatukusema matusi tukasema utamaduni. Kanga ngapi tumevaa zinamsema jirani kiunoni huku tunamsalimia shikamoo?

Ila nisiwe mnafiki, la chura naliweka pembeni. Mei 2016 wizara ilipofungia video ya wimbo wa Snura unaoitwa Chura, shida haikuwa neno, chura ni mdudu wa mtaroni tu (mnyama, najua, msinirekebishe), shida ilikuwa kamera ilipokaa dakika zote zile. Pale fumbo halikuwepo tena, ukionyesha hujafumba. Nadhani huo ndo mstari wangu, japo najua ukinibana sana nitashindwa kuuchora vizuri.

Wakenya nao wamepita humo humo, 2019 Ezekiel Mutua wa bodi ya filamu alisema nyimbo za Wamlambez na Tetema zibaki klabu na baa. Kusema kweli mi hilo la kupanga mahali naliona lina akili kuliko kufungia neno, maana hata unyago wenyewe ulikuwa na mahali pake na mlango unafungwa. Ila nani atamzuia dereva wa matatu?

Haya, leteni.

NYONGEZA: Naona mshaanza. Mdau kauliza "una watoto wewe?" Ninao wawili. Wa kwanza alikuwa na miaka sita wakati ule akaniuliza mama kibamia ni nini, nikamjibu bamia ndogo, akaenda kucheza. Sikumdanganya na wala sikumfundisha kitu. Kosa lilikuja jioni baba yake mdogo alipoanza kucheka mezani huku tunakula bamia kweli, mtoto akajua hapo kuna kitu. Kwa hiyo ndugu yangu hoja yako naielewa, ila aliyemshtua mtoto ni shemeji.

NYONGEZA YA PILI: Yule mkuu anayesema wasanii wamekosa ubunifu, wanakimbilia viuno kwa sababu ndo vinauza, hapo sibishani na wewe, tena kuna nyimbo fumbo lake ni la mtoto wa darasa la tano, hata hucheki. Fumbo bovu ni fumbo bovu. Lakini hilo ni kosa la kutunga, tangu lini mtu akafungiwa miezi sita kwa kutunga vibaya? Tungebaki na wangapi?

Na dada aliyesema watu wa Nyegezi ndo wameumia, wanafunzi wao wakitaja wanakotoka wanachekwa chuoni, hilo limenigusa na sina jibu zuri. Mimi mwenyewe nilishawahi kusema naishi "karibu na Butimba" kukwepa kicheko. Butimba penyewe wengi wanapajua kwa gereza, ona nilipokimbilia.

Ngoja niwaachie hii ya mama yangu. Mama anauza mboga, bamia, nyanya chungu, mchicha. Mwaka ule wimbo wa Kibamia umepamba moto vijana wa bodaboda walikuwa wakipita pale mezani wanamuuliza kwa sauti ya upole kabisa, "Mama, vibamia vipo?" ili wacheke. Nilikuwepo siku moja, nimekaa kwenye kigoda namenya njegere, nikaona aibu, nikajua mama hajui. Mama hata hakuinua kichwa, anaendelea kupanga mafungu yake ya mia tano, akasema, "Hapa nauza baba, sinunui. Hicho chako rudi nacho nyumbani."

Kijana hakurudi tena pale. Na mimi tangu juzi namuwaza yule bibi wa dumu la mafuta, alivyouliza na ile sura yake ya upole. Sina uhakika tena kama alikuwa hajui.