Bibi harusi anataka zambarau na buluu tu, na ukumbini maua hayaonekani. Nifanyeje?

Maua_Nyawera: Wapendwa, naomba mnisaidie kabla ya Jumamosi. Napamba harusi hapa Bukavu. Bibi harusi amechagua zambarau na buluu nzito, basi, rangi nyingine hataki. Mwezi uliopita nilipamba hivyohivyo kwa jirani: hortensia za buluu, gladioli za zambarau, majani ya kijani kilichokolea. Asubuhi pale uani kwangu wapita njia walikuwa wanasimama kutazama. Jioni umeme ukakatika, tukawasha jenereta na zile taa za manjano, na maua yote yakawa kama fungu la majani makavu. Mama wa bibi harusi akaniuliza maua yako wapi, nayo yako mezani mbele yake. Uso wake sijausahau. Najua kwenye duara la rangi, ule mchoro wa rangi zilizopangwa mviringo, manjano ndiyo inayokabiliana na zambarau, lakini naogopa itawaka mno, na mwenyewe atakataa.

Mwalimu_wa_Kuchora: Pole sana mama. Kule Paris, kwenye karakana ya Gobelins inayofuma mazulia ya ukutani, mkemia Chevreul alikuwa msimamizi wa rangi. Watu wakalalamika kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Akazichunguza, hazikuwa na kasoro: zilionekana zimefifia kwa sababu ya buluu na zambarau zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 akachapisha kitabu kuhusu jambo hilo. Kwa hiyo usiongeze zambarau, itafutie jirani mwema. Manjano iliyopauka, rangi ya siagi, shina moja au mawili katika kila kumi, yanatosha. Halafu rangi zako zote tatu ni nzito sawa. Lipige picha fungu lako kwa simu, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Ukiona kijivu kimoja tu, ndivyo wageni watakavyoona.

Fundi_Taa_Bukavu: Na taa je? Taa ya manjano ina buluu kidogo sana, kwa hiyo ua la buluu halina cha kurudisha machoni. Mwambie mwenye ukumbi aweke balbu nyeupe juu ya meza kuu.

Yaya_Kadutu: Mwalimu, nakuheshimu, ila bibi harusi amesema hataki. Umletee manjano siku yake, ugomvi uingie ukoo mzima? Dada, chukua ua la arum. Ni jeupe, na nyeupe ni vigumu bibi harusi kuikataa, gauni lake ni hilohilo. Na lifungue utazame: katikati limesimamisha kidole cha manjano. Manjano ya mwalimu imo humohumo, hakuna atakayeihesabu.

Mwalimu_wa_Kuchora: Yaya, hapo umenishinda. Arum ni bora kuliko shauri langu.

Maua_Nyawera: Asanteni sana. Jana usiku nimejaribu jagi moja: gladioli saba, arum tatu, majani nikayapunguza karibu yote. Nikazima taa, nikawasha mshumaa. Arum zilionekana kwanza, kisha zambarau iliyozigusa ikajitokeza, wakati ile ya pembeni ilibaki gizani. Basi Jumamosi nitazisambaza, zisikae rundo moja. Kesho nampelekea bibi harusi jagi alione jioni, si mchana. Lakini nikizikata Alhamisi zitafika?

Yaya_Kadutu: Zitafika. Maji kidogo tu, kimo cha vidole vitatu, maana shina lake laini huoza upesi. Badilisha kila asubuhi, na ukate ncha kidogo.